Mashine Tunayo, Ufunguo Ninao Mimi

Mmeuliza wiki hii, je, kila nyumba iwe na mashine ya kupimia presha? Mi nasema hapana, na mnivumilie maana hili jambo lilishatutoa jasho kwetu.

Mama ana presha siku nyingi, anameza amlodipini kila asubuhi. Mwaka juzi Jumamosi moja katoka sokoni Mbagala na kiroba chake cha viazi, kagombania daladala, kashuka na jua la saa saba, akapita duka la dawa mtaani kwetu kutafuta dawa ya kichwa, akakuta kijana ana mashine mpya. Akapimwa hapohapo kasimama kwenye kaunta, mkono wa gauni umekunjwa juu hadi umembana, na mdomo haujafungwa anasimulia bei ya viazi. Ikasoma 186 kwa 104. Kijana badala ya kumkalisha akasema kwa sauti, "Mama, umefikaje hapa na presha hii?"

Basi nguvu zikamwisha. Nafika nyumbani nakuta dada wa Morogoro ashapigiwa, mjomba ashapigiwa, na mama yuko kwenye kochi anagawa vyombo. Sufuria kubwa la shughuli apewe mdogo wangu, mimi ninayenunua luku kila mwezi nikaambulia beseni. (La beseni sijalisahau.)

Jirani yetu nesi mstaafu ndo alituokoa. Akatutoa wote nje, akamwambia mama nenda kakojoe kwanza, akamkalisha kwenye kiti cha kuegemea, miguu chini isipishane, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, dakika tano bila kuongea, na kwa mama hiyo ni adhabu. Akasema pia mkanda wa mashine ya yule kijana, ule unaofungwa mkononi, ulikuwa mdogo kwa mkono mnene vile, na mkanda ukibana namba inapanda yenyewe. Ikaja 148 kwa 92, akarudia baada ya dakika moja, 146 kwa 90. Bado iko juu, maana kliniki wanahesabu presha ya juu kuanzia 140 kwa 90, lakini sio ya kugawa masufuria.

Sasa mama kuanzia siku hiyo ni "mashine zenu zinaongopa", akaacha vidonge kimyakimya, na kisingizio vinamvimbisha miguu, ambayo kweli vinavimbisha lakini si ungemwambia daktari akubadilishie? Wiki tatu hakusikia chochote, hata kichwa hakikuuma. Kwenda kliniki, 170 na kitu, safari hii amekaa vizuri kabisa.

Hapo ndo najiona najipinga, maana hizo wiki tatu kama mashine ingekuwepo ndani tungejua mapema. Haya, nunueni, ila iwe ya mkono wa juu na mkanda umtoshe mwenye mkono, na msimwachie mtu kama mama. Ya kwetu naifungia kabatini, tunapima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, siku chache kabla ya kliniki, namba zinaingia kwenye daftari. Juzi nimefungua kumbukumbu ya mashine nakuta vipimo tisa vya siku moja, cha mwisho saa nane usiku. Namuuliza, ananiambia alikuwa anaangalia kama betri bado zina nguvu.