Sonona ya Mgonjwa wa MS Ina Tiba Yake

Kama unaishi na multipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa wa ubongo na neva, na siku hizi hakuna kinachokupendeza, mwambie daktari wako. Ugonjwa huu umenitia ganzi miguuni, umenififisha jicho, umenisumbua kibofu. Lakini kilichoninyima raha ya kuishi ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na ndiyo iliyosikia dawa kuliko yote.

Watu watakuambia, "Kwa ugonjwa huo, nani asingehuzunika?" Ni maneno ya huruma, ila yanachelewesha tiba. Katika MS kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, na ubongo huohuo ndio unaoendesha hisia zetu. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe unaweza kuzua sonona, mbali na majonzi ya kuugua. Takriban nusu yetu huipata wakati fulani maishani. Si upungufu wa imani, wala si jini.

Kazi ni kuitambua, maana MS huchosha na sonona nayo huchosha. Mimi hutazama hamu. Uchovu wa MS, ambao joto la Dar es Salaam huuzidisha, huniacha nikitamani kwenda harusini ila mwili umegoma. Sonona huchukua hata ule utamani. Wajukuu wanakuja, nami naomba waondoke. Ukikaa hivyo wiki 2, karibu kila siku, nenda kaonane na daktari.

Kwenye dawa, taja kibofu mapema, hata ukiona haya. Nilianzishiwa amitriptilini, dawa ya sonona. Inasaidia maumivu ya neva na usingizi, lakini hukausha kinywa, hufunga choo na huweza kuzuia mkojo. Kwangu mimi ambaye mkojo ulikuwa tayari hautoki vizuri, ikawa taabu. Nikabadilishiwa setralini, dawa nyingine ya sonona. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na kichefuchefu huweza kutangulia, ndiyo maana wengi huziacha njiani. Vumilia, na usikatishe ghafla bila daktari. Mweleze pia dawa zako nyingine: stiroidi, tunazopewa MS inapochachamaa, zinaweza kuvuruga hisia, na sindano za interferoni beta, za kupunguza mashambulizi ya MS, zina tahadhari ya sonona.

Dawa peke yake haikunitosha. Tiba ya mazungumzo, ile inayofundisha kuzichunguza fikra na kurudia shughuli kidogo kidogo, imejaribiwa kwa wagonjwa wa MS hata kwa simu, ikawafaa. Mimi naifanya kwa simu, maana ngazi na daladala hunimaliza kabla sijafika. Asubuhi, jua halijakolea, natembea hadi gengeni na kurudi.

Nawe ndugu unayemuuguza, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu zilizo karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.