Kwa mchungaji anayetumwa Ujerumani na familia: jipange na nyumba kwanza, huduma itajipanga

Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Umesema dayosisi imekupitisha kwenda Ujerumani, upande wa Westphalia, na mama na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 4, na unataka kujua ujiandaeje na huduma. Mi nimekaa kulekule, usharika wa mjini, nilienda kwa njia hiyohiyo ya VEM, ile jumuiya ya misheni yenye ofisi Wuppertal, kwa hiyo nakwambia nilichokiona kwa macho. Huduma usiiwaze sana kwa sasa. Waza nyumba. Wenzetu ninaowajua waliorudi kabla ya mkataba kuisha hakuna aliyerudi kwa sababu ya mahubiri, ni mama kukaa ndani peke yake kutwa, ni mtoto kulia kila asubuhi ya shule, basi.

Kwetu mama mchungaji ana nafasi yake hata asipoitafuta, ataitwa msibani, ataitwa kwenye harusi, umoja wa wanawake hawaanzi mpaka afike. Kule mke wa mchungaji ni mke wa mtu tu, wengi wana kazi zao na wengine kanisani hawaonekani kabisa na hakuna anayeuliza. Wangu ni nesi, kazoea wodi yenye kelele, ghafla yuko ghorofa ya tatu mwezi wa 11 anaangalia mti hauna jani hata moja na saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Halafu vyeti vyake vya huku havitambuliki hivihivi, vinapitiwa kwanza na ofisi husika, na Kijerumani lazima kifike B2, yaani kiwango cha kuongea bila kushikwa mkono, ndio aguse mgonjwa kama nesi kamili. Sasa kama mama ana taaluma yoyote anzeni leo, transkripti, leseni, barua za kazi alizofanya, hata mtaala wa chuo alichosoma, vyote viwe na mihuri kabla hamjapanda ndege, maana kuvifuatilia ukiwa kule ni kumtesa shemeji yako aende chuoni kila wiki aambiwe mhusika yuko likizo. Na ulizeni kwa maandishi ada ya lugha ya mama inalipwa na nani, nimeona mkataba umemtaja mchungaji mwanzo mwisho na mama ametajwa kwenye tiketi tu.

Lugha msisubiri mfike. Goethe-Institut wako hapo Dar, nendeni wote wawili, hata mkifika A2 tu, ile ngazi ya mwanzo, ni afadhali kubwa. Usidanganyike na wale wa ofisini wanaoongea Kiingereza kizuri, yule bibi wa benchi la pili hakijui.

Huyu wa miaka 9 ndiye anayeninyima usingizi kuliko wewe na mama. Kule Westphalia shule ya msingi inaishia darasa la 4, baada ya hapo watoto wanagawanywa, kuna wanaokwenda zile shule zinazoelekea chuo kikuu na kuna wanaokwenda njia nyingine, sasa mtoto wako atafika hajui neno na muda si mrefu mwalimu anatakiwa aseme anafaa wapi. Ombeni aanze darasa la chini yake, sio aibu, na ulizieni mapema kama hapo mtakapokaa kuna zile shule za pamoja, Gesamtschule, ambazo hazimwamulii mtoto mapema hivyo. Kumfundishia nyumbani usiwaze, sheria hairuhusu. Wa miaka 4 atawahi lugha kuliko nyie wote, shida yake ni nafasi ya chekechea, zimejaa kila mahali, lakini nyingi ni za kanisa kwa hiyo mwandikie mwenyeji wako sasa hivi amshikie nafasi.

Haya, huduma. Ibada ni saa moja, ikizidi watu wanaangalia saa, na Jumapili ya kawaida unaweza kukuta watu 30 kwenye kanisa la kuingiza 500, halafu mkesha wa Krismasi hakuna pa kukaa. Watu wanajitoa kanisani, mwaka 2023 peke yake makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalipoteza takriban watu 380,000 kwa kujitoa, wanaenda kabisa mahakamani kujiandikisha. Sio wote wamemkataa Mungu, kuna kodi ya kanisa pale, kwa Westphalia ni asilimia 9 ya ile kodi yako ya mapato, inakatwa na serikali, sasa kijana akipata mshahara wa kwanza akaona makato anajiuliza huku naenda lini. Ukifika usianze kuwaambia wamepoa. Wanajua. Na mkesha wa maombi wa spika, saa nne usiku ikipita jirani anapiga simu polisi, sikutanii.

Mlango niliouona mimi ni siku za kuzaliwa za wazee. Mshirika akifika miaka 75, 80 na kuendelea, mchungaji au mzee wa kanisa anaenda kumpongeza nyumbani, kuna kahawa na keki, na hawa ndio watu pekee Ujerumani nzima ambao hawana haraka. Omba upewe hizo ziara, wenzako watakupa kwa furaha kwa sababu zinakula muda. Kijerumani changu nusu nilikipatia kwenye zile meza. Lakini piga simu kwanza upange siku, habari ya hodi hodi mlangoni haipo. Na utashangaa, hasa karibu na Bielefeld, maana Bethel iko hapohapo, na wamisionari wake walifika Mlalo kule Usambara 1891 na Bukoba 1910, unamkuta bibi anaijua Vuga ya Usambara kuliko wewe wa Dodoma.

Kuna kitu kitakuudhi na uwe mpole tu: Jumapili ya urafiki na dayosisi utaombwa uje na ngoma na kitenge na picha za watoto. Mara ya kwanza fanya. Ikirudi tena sema ungependa kuhubiri somo la siku hiyo kama wachungaji wengine, watakubali, walikuwa hawajafikiria tu. Na lile swali la ndoa za jinsia moja litakuja, tena mezani mbele ya watu. Unajua KKKT, kanisa letu la Kilutheri, ilitoa tamko la Dodoma mwaka 2010 kuzikataa, wenyeji wako wamechukua njia nyingine, kwa hiyo kabla hujaondoka kaa na askofu wako mkubaliane unaongea kama nani, wewe binafsi au dayosisi.

Mengine harakaharaka. Kujiandikisha makazi ni ndani ya wiki 2, bila hiyo karatasi husogei popote. Leseni ya Bongo inatumika miezi 6, baada ya hapo ni mtihani wa kuandika na wa barabarani, na ni hela ndefu, ulizia kama wanalipa. Madirisha fungua wazi kabisa kwa muda mfupi asubuhi na jioni hata kwenye baridi kali, ukifunga moja kwa moja ukuta unaota ukungu na mwenye nyumba anakudai wewe. Hita unalipia kwa makadirio kila mwezi, lakini nyongeza inaweza kuja kwa mkupuo baada ya mwaka kuisha, tenga hela, usitume yote nyumbani ukoo ukianza kupiga simu.

Kama unajua tayari ni mji gani sema, maana miji ya Ruhr, ule ukanda wa viwanda, ina Waswahili wengi, Wakongo, Warundi na sisi, mama atapata wa kuongea naye kuanzia wiki ya kwanza, ila ukipelekwa vijijini kwenye basi moja kwa saa hiyo leseni ya gari ndio iwe kazi yako ya kwanza.