Leso ya marehemu mama: niiweke au niitoe?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mkaazi wa Majengo, Pumwani. Mama alifariki miezi mitatu iliyopita, akamwacha baba, sisi mabinti wawili na ndugu zetu wawili wa kiume, mdogo wao ana miaka 13. Wazazi wa mama walishatangulia. Siku ya matanga nilichukua leso aliyokuwa akijifunika anaposwali, na mbuzi yake ya kukunia nazi. Leso sijaifua, bado inanukia udi wake. Mwanangu akishikwa na homa humfunika nayo, na hupoa. Kaka yangu anasema kuweka vitu vya maiti ni shirki, yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu, vyote vitolewe sadaka. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Pole sana, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama na amsamehe.

Kuweka kitu cha mzazi kwa mapenzi si shirki. Kaka yako ana uchungu na dini yake, lakini neno hilo ni zito, asilitamke kwa wepesi.

Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, Abul-As, mkwe wa Mtume (s.a.w.), alikuwa miongoni mwa mateka. Mkewe Zainab, binti wa Mtume, alikuwa angali Makka. Akatuma mali ya kumkomboa mumewe, na ndani yake akatia mkufu. Mkufu ule ulikuwa wa mama yake, Bi Khadija, aliompa alipoolewa. Bi Khadija alikuwa ameshafariki. Mtume alipouona tu, moyo wake ulilainika mno. Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, ameipokea habari hii.

Sasa tazama alichofanya baada ya hapo. Hakuuchukua. Ile ilikuwa haki ya Waislamu waliopigana, basi akawaomba: mkiona yafaa kumwachilia mateka wake na kumrudishia kilicho chake, fanyeni. Wakakubali. Huyo ni Mtume, kiongozi wao, na mkufu ni wa mkewe kipenzi, na bado aliomba ruhusa kwa wenye haki.

Hapo ndipo ninapokushika, binti yangu, kwa sababu wewe hukuomba. Leso na mbuzi viliingia katika urithi tangu mama alipokata roho, hata kama bei yake ni ndogo. Kikishatolewa kilichotumika kumzika, madeni yake na wasia kama upo, kinachobaki kigawanywe mafungu 8: baba yenu 2, kila mtoto wa kiume 2, kila binti 1. Maana yake leso ile si yako peke yako, wala kaka yako hana idhini ya kuitoa sadaka peke yake. Baba, dada yako na kaka yako wakiridhia uvichukue, haki yao wamekuachia. Mdogo wenu ana hukumu nyingine. Mtoto hawezi kusamehe mali yake, wala hakuna awezaye kusamehe kwa niaba yake. Ulizeni soko la Gikomba leso iliyotumika na mbuzi ya mbao huuzwa pesa ngapi, mumtolee robo, baba amwekee. Najua mtaona ni jambo dogo, lakini mali ya yatima wa mama ni amana.

Ama homa ya mtoto, hapo nakukataza kwa nguvu. Usimfunike na leso kwa kuamini kwamba inaponya. Umar bin Khattab, khalifa wa pili, alilibusu Jiwe Jeusi huku akisema: najua wewe ni jiwe, hudhuru wala hunufaishi. Jiwe la Al-Kaaba hilo, seuze leso! Weka mkono wako wa kulia juu ya mtoto, usome dua aliyoisoma Mtume kwa wagonjwa, ile ya Allahumma Rabban-nasi adhhibil-basa, kisha mpeleke kliniki.

Kutoifua si dhambi, maadamu haina najisi. Ila harufu ya udi itaisha siku moja. Ikiisha usije ukalia kama aliyefiwa mara ya pili. Mimi baba yangu aliniachia miwani, mkono wake mmoja umefungwa uzi mweusi. Siwezi kuivaa, macho yetu si sawa. Iko kwenye droo, na kila nikiifungua namwombea maghfira. Ile mbuzi ya nazi, wewe usiifungie. Kalia, kuna nazi, wanao wale. Anas bin Malik, mtumishi wa Mtume, alikuwa na kikombe cha Mtume, nacho kilipopasuka kiliungwa kwa fedha.

Na ushauri wa kaka yako wa sadaka ni mzuri kwa nguo nyingine zilizo kabatini. Sahaba Saad bin Ubada alitoa bustani nzima kwa ajili ya mama yake aliyefariki, baada ya kumuuliza Mtume kama itamfaa, akajibiwa ndiyo. Mkiridhiana, nyinyi mliobaleghe toeni kutoka mafungu yenu, fungu la mdogo liachwe. Kaeni na baba baada ya Ijumaa, leso iwe mbele yenu, umwombe kila mmoja kwa jina lake.

Wallahu aalam.