Mchele wa Kyela ukiwa Marekani

Mdogo wangu, umeuliza kama H-1B, viza yako ya kazi ya Marekani, inakuruhusu kufanya biashara ya mchele wa Kyela. Kumiliki hisa, sawa; kuifanyia kazi kampuni yako, hapana. Viza hiyo imekufunga kwa mwajiri aliyekuombea. Hata kujibu oda usiku ukiwa jikoni kwako kunaweza kuhesabiwa kazi, ujilipe usijilipe. Muone mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

Mimi ningesajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, wanahisa wewe na dada yako wa Mbeya. Yeye ndiye aiendeshe: akahangaike sokoni Mwanjelwa, anunue kwa mizani, lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, aachane nayo. Wewe toa mtaji, subiri gawio. Na muandikishiane, jamani. Mimi na kaka yangu hatusalimiani mpaka leo kwa ajili ya magunia 18.