Kuhamisha sarafu kati ya blokucheni: andika unachotaka kupokea

Siku hizi nikihamisha sarafu za kidijitali kama ETH au USDC (inayofuata thamani ya dola) kutoka blokucheni ya Arbitrum kwenda ile ya Ethereum, yaani kati ya madaftari mawili ya miamala mtandaoni, natumia oda ya matokeo. Sitaji njia. Nasema natoa kiasi gani, nataka nipokee kisichopungua kiasi gani, kwenye anwani ipi, kabla ya saa ngapi. Mtekelezaji anayeikubali oda hunilipa kwa fedha zake mwenyewe, kisha hurudishiwa kutoka kwenye amana niliyoifunga ndani ya mkataba janja, yaani programu inayojiendesha yenyewe kwenye blokucheni.

Faida yake ni kubwa. Daraja rasmi la Arbitrum, yaani huduma yake ya kuvusha sarafu, huchukua takriban siku 7 kutoa fedha kwenda Ethereum. Hapa anayesubiri ni mtekelezaji, na ada yake ndiyo ujira wa kusubiri huko. Hatari haijaisha, kwa sababu amana yangu bado imo ndani ya mkataba unaoweza kuwa na kasoro. Lakini imo kwa muda mfupi, na kwangu hilo ni jambo zito tangu 2022, mwaka ambao madaraja ya Ronin, Wormhole na Nomad yaliibiwa jumla ya zaidi ya dola bilioni 1.

Ushauri wangu mkuu: oda hulinda kile tu ulichokiandika. Kabla ya kutia saini, soma kiwango cha chini cha kupokea, maana programu nyingine hukiweka chini mno na pengo hilo huliwa na mtekelezaji. Ukikibana kupita kiasi, nako hakuna atakayeigusa oda, na fedha zitabaki zimefungwa hadi muda uishe ndipo zirudi.

Anwani ya mpokeaji ndiyo ninayoikagua kwa makini zaidi. Pochi yako ikiwa ni mkataba janja, kama zile za huduma ya Safe, anwani hiyohiyo kwenye blokucheni nyingine huenda si yako kabisa. Anwani ya soko la sarafu nayo naiepuka: baadhi ya masoko hayatambui malipo yanayotoka kwenye mkataba. Pokea kwanza kwenye pochi yako, ndipo utume.

Kagua pia sarafu yenyewe. Kwenye Arbitrum kuna USDC na kuna USDC.e (ile iliyovushwa kwa daraja kutoka Ethereum), ni mikataba miwili tofauti. Na kama unapokea USDC peke yake kwenye blokucheni mpya, hakikisha una sarafu kidogo ya gesi, yaani ada ya muamala, huko (kwenye Ethereum na Arbitrum ni ETH), la sivyo hutaweza kuisogeza.