Kwa unayeanza kazi na heliamu: kwanza jua inatoka na nini

Wengi wanaoingia katika kazi hii huanza kwa kuuliza heliamu itaisha lini. Ulizeni kwanza inatoka ardhini pamoja na nini. Sehemu kubwa ya heliamu duniani hupatikana pembeni tu, wakati watu wanashughulikia gesi asilia. Mwaka 2017 majirani wa Qatar walipoifungia mipaka, mitambo yake ya heliamu ilisimama kwa muda, ingawa chini ya ardhi hakikupungua kitu. Mgonjwa anayesubiri kipimo cha MRI, ambacho sumaku ya mashine yake hupozwa kwa heliamu, hahesabiwi katika maamuzi ya namna hiyo, nami jambo hilo linanisumbua sana.

Ndiyo maana habari za kugunduliwa heliamu Rukwa, Tanzania, zilizotangazwa mwaka 2016, zinanipa matumaini. Huko heliamu imechanganyika zaidi na nitrojeni, hivyo inaweza kuchimbwa kwa ajili yake yenyewe. Ila zoeeni kutofautisha gesi iliyokadiriwa, gesi iliyoonekana kisimani na gesi iliyokwisha kutiwa mtungini. Kati ya hatua hizo hupita miaka mingi na fedha nyingi.

Akiba nayo ni ngumu kuweka. Heliamu husafirishwa ikiwa kimiminika cha nyuzi -269 za Selsiasi, na kontena zake hutunza baridi hiyo kwa wiki chache tu. Marekani iliihifadhi ikiwa gesi ndani ya miamba karibu na Amarillo, Texas. Sheria ya 1996 ikaamuru akiba ile iuzwe, na mwaka 2024 hifadhi yenyewe ikaenda kwa kampuni ya Messer.

Kwa hiyo kabla maabara yako haijanunua kifaa cha heliamu kimiminika, uliza gesi inayochemka itakwenda wapi. Lita moja ya kimiminika huwa takriban lita 750 za gesi. Ikiachiwa hewani haikusanyiki tena kwa gharama ya maana, na ndani ya chumba kilichofungwa hufukuza oksijeni na kuua. Dai bomba la kurudishia, mfuko wa kukusanyia na kompresa tangu siku ya kuandika bajeti, maana baadaye hutapewa. Kisha funga mita kwenye bomba la kila kifaa, uandike kila wiki kilichotoka na kilichorudi. Tofauti ikianza kukua, anzia kukagua viungio vya mabomba.