Kabla baba hajauza kiwanja kwa ajili ya wiki mbili za chuo kikuu Marekani

Juzi binti mmoja wa kidato cha tano aliniandikia. Amekubaliwa kozi ya wiki mbili ya majira ya joto kwenye chuo kikuu cha Marekani, chuo ambacho jina lake hata bibi yake analijua. Ada ni dola 6,500, na baba yake ameshaanza kuulizia mteja wa kiwanja. Swali lake lilikuwa moja tu: abebe nguo gani? Mdogo wangu, nguo tutafika. Tuanze na kiwanja.

Ofisi inayoendesha kozi za majira ya joto na ofisi ya udahili ni milango miwili tofauti. Chuo kikuu cha Yale wenyewe husema wazi kwamba kuhudhuria kozi yao ya majira ya joto, Yale Young Global Scholars, hakumwongezei mtu nafasi ya kudahiliwa Yale. Unalipia masomo, malazi, chakula na wiki mbili za kukaa na vijana wa nchi nyingine. Ni vitu vizuri, na familia yenye uwezo ilipe bila majuto. Ila hakuna kozi ya wiki mbili yenye thamani ya kiwanja cha familia, na inaniuma kila ninaposikia mzazi ameambiwa kinyume.

Tena kuna kozi ambazo chuo kimekodisha mabweni na madarasa tu. Mwendeshaji ni kampuni, na barua yake inakuita "mteule" ingawa hujaomba popote. Kuitambua ni rahisi: fungua tovuti ya chuo chenyewe, ile inayoishia na .edu, utafute kozi hiyo kwenye ukurasa wao wa majira ya joto. Isipokuwepo, waandikie chuo barua pepe uwaulize wanaofundisha ni akina nani na wameajiriwa na nani.

Zipo programu zisizotoza ada kabisa, na hizo ndizo za kuanza nazo. Yale Young African Scholars, iliyoanza 2014, hufanyika huku huku Afrika, na imewahi kufanyika Ghana, Rwanda na Zimbabwe. Gharama kubwa inayobaki kwako ni nauli. Shirika la Telluride Association huendesha semina za bure za wiki kadhaa kwenye vyuo kama Cornell, na anayetaka kuingia huko ajiandae kuandika insha nyingi. Research Science Institute pale MIT, chuo kikuu maarufu cha teknolojia, inayoendeshwa tangu 1984, nayo ni bure, lakini nafasi zake ni chache mno na inawafaa waliokwisha kuzama kwenye sayansi au hisabati.

Ukiomba ya kulipia, omba msaada wa kifedha siku ile ile unayotuma maombi. Wengi husubiri wakubaliwe kwanza, wakifika mfuko umeshagawanywa. Wazazi wenye hati za mshahara hawana kazi kubwa. Wanaokwama ni watoto wa wakulima na wafanyabiashara wadogo, wanaoandika "hatuna kipato" halafu wanaonekana hawajajaza fomu. Kipato kipo, kipigie hesabu. Gunia 40 za mahindi kwa shilingi 60,000 ni shilingi 2,400,000; toa mbolea, mbegu na vibarua, andika kilichobaki kwa mwaka mzima, ukibadilishe kuwa dola na utaje kiwango ulichotumia. Ambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Mstari mmoja wa hesabu kama huo unasaidia kuliko aya tatu za kulalamikia umaskini. Na kama kuna ada ya maombi, omba usamehewe kabla ya kulipa.

Barua ya mwalimu ndiyo inayoangusha wengi. Mfumo humtumia mwalimu kiungo kwa barua pepe, kiungo kinaangukia kwenye kapu la takataka, na mwalimu hajafungua barua pepe tangu semina ya mwaka jana. Mfuate wiki nne kabla. Mpe karatasi moja yenye mambo matatu uliyofanya darasani kwake: jaribio la titration ulilorudia mara tatu hadi majibu yakalingana, si "mimi ni mchapakazi". Ukimtumia kiungo, kaa naye akifungue mbele yako.

Angalia na saa. Mwisho wa kupokea maombi ukiwa 11:59 p.m., yaani saa 5:59 usiku, kwa saa za New York mwezi Januari, Dar na Nairobi ni saa 1:59 asubuhi ya kesho yake. Wamarekani wakishasogeza saa zao mbele mwezi Machi, inakuwa saa 12:59 asubuhi. Usipange kutuma asubuhi hiyo. Tuma siku mbili kabla, kwa sababu umeme na bando havijui tarehe yako.

Kalenda nayo ina mitego. Kidato cha tano Tanzania wana likizo ya Juni, kwa hiyo kozi ya mwezi huo inawafaa. Waliomaliza cha sita wakumbuke wito wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), unaoangukia miezi hiyo hiyo ya kozi. Kenya muhula wa pili huwa unaendelea wakati huo, hivyo ruhusa ya mkuu wa shule ipatikane kwa maandishi.

Sasa viza. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha raia wa nchi yako wanapewa viza ya aina hiyo mwaka huo, maana masharti hubadilika na pasipoti zetu za Afrika Mashariki hazitendewi sawa. Programu yenyewe ikwambie kwa maandishi ni viza ipi. Kozi inayohesabika kwenye shahada hudai F-1, viza ya mwanafunzi: unahitaji fomu ya I-20 inayotolewa na chuo, dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), na dola 185 za maombi ya viza, ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Wengi hunyimwa kwa kifungu 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, maana yake ofisa hakuona kitakachokurudisha nyumbani. Jibu lako liwe fupi na la kweli: "Kidato cha sita kinaanza Julai, na hii ni barua ya shule." Pesa ya kuazima iliyoingizwa benki wiki moja kabla ya usaili inajionyesha yenyewe kwenye taarifa ya akaunti, kwa hiyo msifanye hivyo.

Ukishapata viza, usikate tiketi kabla ya kujua gari la programu linapokea wanafunzi uwanja gani na kuanzia saa ngapi. Ukitua nje ya muda huo, teksi ni juu yako.

Na nguo, kama ulivyouliza: nyepesi za joto, viatu vya kutembelea, na sweta mbili nzito, kwa sababu viyoyozi vya madarasa hutetemesha kuliko Lushoto mwezi Julai. Chukua adapta ya pini mbili bapa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi. Pasi ya nywele ya 220V iache nyumbani, umeme wa kule ni volti 120 na haitapata moto wa kutosha.